Kishimo cha Msamaha

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msianze kunyoosheana vidole. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, na ina kiongozi aitwaye Mtukufu Mlezi, anayependwa na wananchi wote, wakiwemo wale waliofungwa kwa kutompenda. Atakayeona nchi hiyo inafanana na anakoishi yeye, hilo ni tatizo la macho yake, aende akapimwe.

Mtukufu Mlezi alikuwa ameacha kusema. Bubu hakuwa. Miaka ya mwanzo alisema sana, akaahidi maji, umeme na uchaguzi, na watu wenye nia mbaya wakayatunza maneno hayo wakawa wanamkumbusha. Ndipo washauri wake walipogundua kwamba maneno humrudia mwenyewe, lakini uso haumrudii mtu. Tangu hapo akawa anatawala kwa uso. Akiinua unyusi wa kushoto, bajeti imepita. Akibana midomo, kuna waziri hana kazi. Na akitajiwa jina la mfungwa, shavu lake la kulia likaingia kishimo, basi mfungwa huyo yuko huru. Kishimo chenyewe alizaliwa nacho, bibi zake walikuwa wakikitomasa akiwa mtoto mchanga, na sasa kilikuwa ndiyo mahakama pekee ya rufaa iliyobaki nchini.

Kwa kuwa si kila mtu ana macho ya kuona mambo hayo, kulikuwa na Msomaji Mkuu wa Uso. Cheo hicho alikishika mzee mmoja mwembamba, mpole, aitwaye Kibwana Mwinyimvua. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya Mtukufu, amevaa joho la kijani, peke yake. Wengine wote, kwa itifaki, husimama nyuma ya kiti. Huutazama uso, kisha hutangaza: "Uso umesema!" Nao huitikia: "Tumesikia!" Hapo Kibwana hueleza uso umesema nini, na neno likishamtoka kinywani limekuwa sheria. Hata Mtukufu hakuweza kulipinga, maana ili alipinge ingebidi afungue mdomo, na angefungua mdomo angekuwa amekiri kwamba uso wake hautoshi.

Kibwana aliionea fahari kazi hiyo kwa miaka mingi, na mimi sitamtetea. Alisoma, watu wakafukuzwa kazi. Alisoma, vijiji vikahamishwa kupisha mashamba ya wakubwa. Jioni alirudi nyumbani akala wali wake akashiba. Mambo yalimgeukia siku alipokamatwa binti yake.

Mwanahawa alikuwa mwalimu wa chekechea. Aliwapa watoto karatasi wamchore Mlezi wa Taifa, kama mtaala unavyotaka, na mtoto mmoja akamchora na makunyanzi. Mwanahawa akaandika chini ya picha, "Vizuri sana." Mtoto alihurumiwa kwa sababu ya umri wake. Mwalimu akafungwa kwa kosa la kuliona kunyanzi na kulipongeza.

Ikabaki tegemeo moja, nalo ni Jubilei, sherehe ya utawala wa Mtukufu. Siku hiyo majina ya wafungwa husomwa uwanjani mbele ya Mtukufu, na kishimo ndicho huamua nani arudi kwao. Jina la Mwanahawa lilikuwa limekwisha kukubaliwa lisomwe.

"Kitaingia tu, Mama Hawa," Kibwana alimwambia mkewe, Siwema. "Sherehe humfurahisha. Nakijua kishimo kile kuliko ninavyoijua mikono yangu."

Siwema, ambaye hakuwa amepika chakula cha maana tangu mtoto achukuliwe, aliendelea kupepeta mchele ambao haukuwa na chuya hata moja.

*

Balaa lilianzia kwenye bango. Wizara ya Sura na Mwonekano, chini ya Mheshimiwa Pazi Ngwale, ilitundika uwanjani picha mbili kubwa za Mtukufu: ya mwaka aliochukua madaraka, na ya mwaka huu. Shabaha ilikuwa kuonyesha maendeleo. Mtukufu alipopita kukagua maandalizi, aliyaangalia mashavu yake ya zamani, akayaangalia ya sasa, yaliyokuwa yameteremka hadi karibu na kola, akaukunja uso kwa namna ambayo Kibwana hakuwahi kuiona. Mawaziri wakangoja. Ilibidi mzee aseme kitu.

"Uso umesema!"

"Tumesikia!"

"Mafuriko," akasema Kibwana.

Wilaya mbili zikahamishiwa mlimani katikati ya kiangazi. Mpaka leo ziko huko, zinasubiri maji.

Lakini Mheshimiwa Ngwale alikuwa ameziona zile picha na akili ilimcheza. Haikupita wiki akaunda Kamati ya Taifa ya Kuchagua Kijazio cha Mashavu. Wajumbe walikuwa mawaziri, kwa sababu ndio waliokuwa na nafasi, na mtaalamu alikuwa Daktari Mosi Lugembe, mwanamke aliyesomea magonjwa na urembo wa ngozi ng'ambo, kisha akafanya kosa la kurudi.

Habari ilipomfikia Siwema, aliweka ungo chini. "Wanataka kumjaza mashavu? Kabla ya Jubilei?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na kishimo?"

"Nitauliza."

"Usiulize, Baba Hawa. Kilinde. Mwanangu anapitia mle."

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye viyoyozi vikali mno, hata mawaziri wakavaa makoti ya baridi. Daktari Mosi alipanga vichupa vyake mezani.

"Waheshimiwa, vitu vya kujaza uso vina aina zake, na anayechagua vibaya hujuta kila akijitazama kwenye kioo. Cha kwanza ni huu ute. Unafanana na ute ulio ndani ya ngozi zetu wenyewe. Ukidungwa kidogo kidogo, shavu linajaa na uso unabaki laini, mtu anacheka, ananuna, kama kawaida. Unakaa miezi kadhaa, pengine mwaka na ushee, halafu mwili unauondoa wenyewe. Na tukikosea, ipo dawa ya kuuyeyusha."

Waziri wa Katiba alisimama, miwani ikimteleza puani. "Mwenyekiti, nimeshtuka! Tumehangaika kiasi gani kuuondoa ukomo kwenye katiba, leo tunaletewa ukomo kwenye chupa? Kitu chenye kwisha kikae ndani ya shavu la Mtukufu, wananchi watajifunza nini?"

Daktari akainua kichupa cha pili. Hiki kilikuwa na madini ya chokaa, yale yale yanayojenga mifupa. Kizito kidogo, kizuri kwenye taya, kinadumu zaidi, ila hakina dawa ya kukiyeyusha kikikaa vibaya. Waziri wa Madini akauliza kama chokaa hiyo itachimbwa jimboni kwake. Alipoambiwa hapana, alikipinga kwa uchungu wa kizalendo.

"Cha tatu hakijazi papo hapo. Kinaiamsha ngozi ijijenge yenyewe, taratibu, kwa miezi."

"Ijijenge yenyewe?" akauliza Waziri wa Ulinzi. "Bila kuamriwa? Ikishazoea hivyo, kesho itadai nini?"

Kikafutwa bila kupigiwa kura. Aina ya nne ilikuwa mafuta ya mwili, yanayofyonzwa tumboni na kupandikizwa usoni, na hapo mawaziri waliacha ubishi, kila mmoja akashika kitambi chake akajitolea. Daktari akawaeleza kwamba lazima yawe mafuta ya mwenye uso, kwani mwili huyakataa ya mtu mwingine. Waziri wa Fedha, ambaye hazina yake ilikuwa kubwa kuliko za wote, aliangua kilio.

"Mwisho ni hizi punje za plastiki," alisema Daktari Mosi, na sauti yake ikapoa. "Hizi hazitoki. Ngozi itaendelea kuzeeka, zenyewe ziko pale pale. Zikileta uvimbe, ni kisu. Mimi simshauri mtu."

Makofi yalilipuka. Hazitoki! Ziko pale pale! Waziri wa Katiba alifuta machozi, akasema hicho si kijazio, ni itikadi.

Makofi yalipotulia, Kibwana alinyoosha mkono. "Daktari, samahani. Kile kishimo cha kulia kitakuwaje?"

"Kwa ute, mzee wangu, nikiweka kidogo na kukikwepa, kitabaki. Hata kikizibika, nitakizibua kwa ile dawa. Kwa plastiki, kikizibika ndiyo basi tena."

"Mzee Kibwana," Mheshimiwa Ngwale aliingilia, akitabasamu, "shimo ni shimo. Mashimo ya barabarani tunawaficha wageni, sembuse la shavuni?"

Walicheka sana. Kibwana naye alicheka, kwa sababu ya cheo.

*

Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa Uso. Mtukufu aliketi kitini, mawaziri wakapanga mstari nyuma yake, Kibwana akasimama mbele. Daktari Mosi, kwa kuwa ndiye aliyebeba sinia la vichupa, aliruhusiwa kukaa ubavuni.

Alipouonyesha ute, uso haukusema kitu. Chokaa, kimya. Alipoinua kichupa cha plastiki na kueleza kwamba hizi hazitoki maisha, Mtukufu alikitazama, macho yakamlegea kwa raha, na katika shavu la kulia kikaingia kishimo kirefu, kizuri, ambacho Kibwana hakuwa amekiona kwa miezi mingi. Kishimo chenyewe kilikuwa kinachagua kuzikwa.

Mafuriko aliyabahatisha, lakini uongo wa makusudi Kibwana hakuwahi kuusoma. Alikuwa amesoma maovu, lakini yalikuwa maovu ya kweli, na kwa hilo alijihesabu mtu mwadilifu. Akilini alimwona Mwanahawa akiwa mdogo, akilala na kalamu za rangi mkononi. Akafumba macho, akayafumbua.

"Uso umesema!"

"Tumesikia!"

"Ute."

Daktari Mosi, aliyekiona kishimo waziwazi, aliinamisha kichwa akajifanya anapanga vichupa. Mtukufu alikunja uso, mishipa ikamsimama kwenye paji.

"Uso umeongeza," Kibwana alisema. "Haraka."

Mtukufu akabana midomo kwa nguvu zake zote. Hiyo kila mtu anaijua maana yake: kuna mtu hana kazi. Na msomaji ndiye anayesema ni nani.

"Uso umeongeza tena. Waziri wa Madini hana kazi."

Waziri wa Madini, aliyekuwa anasinzia kwa amani, alivuliwa beji akatolewa nje. Mtukufu alimkodolea Kibwana macho, mdomo ukafunguka kidogo, ukaonekana ulimi. Kisha, kiongozi huyo mkubwa akaufunga mdomo wake polepole, akanyamaza. Huruma ilimwingia Kibwana kwa muda mfupi sana.

*

Hapo mambo yangeisha vizuri, kama nchi ile ingekuwa na watu wanaojua kuacha. Lakini desturi yao mnaijua: hakuna shughuli isiyo na michango. Mtu haoi peke yake, hazikwi peke yake, na Mheshimiwa Ngwale akaona kwamba Mtukufu hawezi kujazwa mashavu peke yake, kama yatima. Akatangaza kwamba kila mkoa utachangia bomba moja la sindano lililojaa ute.

Mikoa ilishindana. Mabomba yalikuja Ikulu yamefungwa utepe, yamepambwa kwa shanga, yamesindikizwa na ngoma na wakuu wa mikoa wenye hotuba. Wafanyabiashara wakachangia, vyama vya ushirika vikachangia, shule za msingi zikachangia bomba kwa pamoja.

Daktari Mosi alipouona mlima huo mezani, alikaa chini. "Mheshimiwa, uso mmoja unataka mabomba machache tu. Haya ni ya kijiji kizima."

"Tukitumia machache, mikoa mingine tutaiambia nini? Kwamba michango yao haikuonekana?"

"Yawekwe akiba."

"Mchango hauwekwi akiba, daktari," Ngwale alisema, akashangaa kama mtu aliyeambiwa pilau ya harusi ikafungiwe stoo. "Mchango unaisha siku ya shughuli."

Kwa hiyo yalitumika yote. Daktari alidunga akilia, na askari wa Ikulu alikuwa anahakiki kila mkoa kadiri unavyoingia. Walipomaliza, Mtukufu alikuwa na uso mkubwa, mwekundu, uliotuna kama andazi lililozidi hamira. Ngozi ilikuwa imevutika, haina pa kwenda. Haukuinuka unyusi, haukubanwa mdomo. Mahali pa kishimo palikuwa laini kabisa, panang'aa.

Kibwana alimkimbilia daktari kwenye korido. "Ile dawa ya kuyeyusha, mwanangu. Nakuomba. Pale pa kulia tu."

"Ninayo mfukoni, baba. Naitaka kuliko wewe. Muulize huyo."

Mheshimiwa Ngwale aliwasikia, akaja akiwa na uso wa upole. "Sawa, tuyeyushe. Tutaanza na mkoa upi? Nani atausaini waraka wa kuyeyusha mkoa?" Akangoja. "Jubilei ikipita tutaunda kamati."

*

Siku ya Jubilei uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Skrini kubwa iliwekwa juu ili kila mwananchi auone uso mpya, na wananchi waliuona, wakashangilia kama walivyoelekezwa. Katika mstari wa mbele walikaa wazazi wa wafungwa, wamevaa nguo zao za Idi.

Mkuu wa Magereza alisimama akasoma jina la kwanza. "Nyamizi Kapela."

Kibwana aliutazama uso. Ulikuwa kama ukuta uliopakwa rangi. Alijua kilichokuwa mbele yake, alikuwa amekifikiria tangu alfajiri. Akitangaza kishimo kisichokuwepo kwa kila jina, Ngwale atainua macho kwenye skrini na mchezo utakwisha pale pale. Uongo mmoja unaweza kupita. Mingi haiwezi. Na ule mmoja alikuwa na mtu wa kumpa.

"Uso umenyamaza," alisema.

Mama mmoja katika mstari wa mbele alishika kichwa. Likasomwa jina la pili, uso ukanyamaza. La tatu likasomwa. Kibwana alikuwa anasema maneno yale yale kwa sauti ile ile, na kila alipoyasema alijichukia zaidi, na aliendelea. Kijana wa mtu, uso umenyamaza. Mume wa mtu, uso umenyamaza.

"Mwanahawa Kibwana."

Mkuu wa Magereza aliganda kidogo alipolitamka jina hilo. Kwenye skrini, uso haukutikisika.

"Uso umesema!"

"Tumesikia!" waliitika mawaziri, kwa mazoea.

"Msamaha."

Uwanja haukushangilia. Watu waliitazama skrini, wakamtazama Kibwana, wakaitazama tena skrini. Kisha Mkuu wa Magereza akasoma jina lililofuata, na uso ukanyamaza.

*

Mwanahawa alirudi nyumbani alasiri ile ile. Alikuwa amekonda, kucha zimekatika, na alipofika mlangoni Siwema alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo alipika: wali wa nazi, kuku, mchicha. Kibwana aliketi kitako akamtazama mtoto wake, na moyo ulimjaa furaha hata akaogopa kupumua.

Mwanahawa hakuugusa wali. "Baba, Nyamizi amesomwaje? Tulikuwa tunalala naye mkeka mmoja. Alikuwa ananipa nusu ya uji wake nikiumwa."

"Uso ulinyamaza, mama."

"Na Sikitu? Na yule mzee Hamadi anayekohoa?"

"Ulinyamaza."

"Kwangu mimi ukasema?"

Kibwana aliinamia sahani. Mwanahawa akasukuma chakula mbele, taratibu, asimuumize mama yake.

Ndipo ikaja hodi. Siwema alipofungua mlango, uani walikuwa wamekaa wazazi wa wafungwa, wametandika mkeka, bado wamevaa zile nguo za Idi. Hapakuwa na matusi. Pembeni alikuwa amesimama askari magereza mmoja, pingu kiunoni. Aliyesema alikuwa Bi Kapela, mama yake Nyamizi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama enzi za mahakama.

"Shikamoo, Mzee Kibwana. Hatukuja kugombana. Tuliiona skrini, na wewe uliiona. Uso ule haukuwa na kishimo kwa mtoto wa yeyote, wewe ukakiona kwa wako. Hatukulaumu, ni mtoto wako. Ila tunaomba ukione na kwa wetu."

"Usomaji umekwisha, dada yangu."

"Kanuni inamruhusu msomaji kusahihisha kabla jua halijazama, akivaa joho na kukiri mbele ya askari kwamba alisoma vibaya. Magereza watawatoa usiku huu huu, sheria ni sheria." Akasita. "Na tunajua msomaji aliyesoma vibaya kanuni inampeleka wapi: kule kule watakakotoka wetu. Tumekuja tukijua."

Askari alitazama chini.

"Hapana!" Siwema alipiga kelele. "Mtoto nimempata leo, mume nisimpoteze leo leo! Waambie waende, Baba Hawa. Waambie hukuona kitu. Kwani uliona nini? Mwambieni mwenye uso, si mume wangu!"

Kibwana alisimama kizingitini, na akatamani mmoja wa wale wazazi amtukane, angalau apate cha kumjibu. Mwanahawa alitoka ndani, akampita baba yake bila kumgusa, akaenda kuketi mkekani, bega kwa bega na Bi Kapela. Bi Kapela akamsogezea upande wa khanga yake.

Kibwana aligeukia mlangoni.

"Siwema," alisema, "niletee joho."

Siwema hakusogea, alikuwa ameegemea mlango, machozi yanamtoka. Kwa hiyo Kibwana akaingia mwenyewe chumbani, akalivua kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo hadi shingoni kama siku zote. Alipotoka, jua lilikuwa limegusa paa la jirani. Askari magereza alivua kofia, akasogea karibu ili asikie vizuri.

"Nani aanze?" aliuliza Kibwana.